Usi Jecha Amour (1967–2024), Aliyesema Ufunguo Umepotea

Waungwana, jeneza lisinyanyuliwe kwanza. Mimi ni Amour Jecha, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Najua wasifu husomwa makaburini, watu wameshatia mchanga wao. Kaka yangu alitaka usomwe hapa msikitini, kabla hajaswaliwa. Nilibishana naye sana nikashindwa, kama kawaida yangu kwake.

Marehemu alizaliwa Amani tarehe 9 Julai 1967, mtoto wa Mzee Jecha Amour, dereva wa gari la mchanga, na Bi Mize Usi. Mwaka 1976 baba alipewa fleti Michenzani, tukahamia. Alisoma skuli za hapa mjini mpaka kidato cha tatu, mwaka 1983. Kurani aliisoma vizuri kutushinda sote, na alipokuwa kijana imamu akamkabidhi ufunguo wa stoo ya msikiti, linamowekwa jeneza la mtaa. Riziki yake ilikuwa ufundi wa mafriji. Tarehe 20 Disemba 1991 alimuoa shemegi yangu Zuleikha, wa Uroa.

Wengi wenu mnamjua kwa kazi nyingine. Mwaka 2002 alianza kufundisha vijana wa kujitolea kupatanisha watu. Bi Damyanti alimpa chumba juu ya duka lake, Mji Mkongwe, maana friji la dukani lilikuwa haliponi ila kwa mkono wa Usi. Mnakumbuka tulivyokuwa. Watu wa ukuta mmoja, kwa sababu ya vyama, hawasalimiani, hawaalikani, hawazikani.

Vijana wake hakuwahutubia. Aliwatuma wakakae msibani kwa upande wa pili, siku tatu, bila ya kutaja neno suluhu. Riyama, mwanafunzi wake wa mwanzo, alipelekwa kijiji jirani na kwao. Vijiji viwili hivyo vilikuwa vikigombania mpaka wa mashamba ya mwani. Siku mbili hakupewa hata maji. Siku ya tatu bibi mmoja akamwambia, "Utakaa mlangoni mpaka lini? Njoo uchambue mchele." Akachambua. Baada ya mwaka vijiji vile vikawa vinazikana. Vijana aliowafundisha ni mia mbili na kumi na mmoja, na majina yao yote aliyajua.

Lakini alikuwa na jambo lake, na sisi nyumbani tuliliona bila ya kulielewa. Likipita jeneza chini ya fleti, Usi huacha sahani akashuka ngazi na mkono haujanawa. Shemegi akimuuliza huyo maiti wa kwa nani, jibu lake moja tu: "Sijui. Wabebaji wachache." Siku moja alikimbia, akatia bega, wamefika mbele akauliza marehemu ni nani. Wakamwambia, "Kaka, tushazika zamani. Tunarudisha jeneza." Mtaa mzima ulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Yeye alilibeba vilevile mpaka stoo. Leo kicheko kile kinaniuma.

Maradhi ya figo yalimshika Septemba 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Januari mwaka huu aliniita, akawatoa watoto chumbani, akanambia haya ninayoyasoma.

Alkhamisi ya tarehe 14 Machi 1996 alifariki Mzee Vuai Pandu, jirani yetu wa fleti ya chini, mtu wa chama kisichokuwa chetu. Shemegi wa mzee huyo alikuja kwa Usi kuomba ufunguo wa stoo atoe jeneza. Usi akamwambia ufunguo umepotea. Haukupotea. Mzee Vuai, aliyetufundisha sote kuogelea, akachukuliwa juu ya kitanda cha kamba na watu watano. Walimweka chini mara mbili njiani wapumzike. Usi aliwaona kwa dirishani, akawahesabu.

"Nnafundisha watu waseme kweli," alinambia, "na mwongo mkubwa ni mimi." Nikamwambia amwachie Mungu. Akasema, "Mungu nshamwambia siku nyingi. Bado Bi Tabia." Bi Tabia ni mjane wa Mzee Vuai, na dirisha lake Usi alilipita kila siku. Nikamuuliza kwa nini asende. Akasema akifika pale ulimi unakuwa mzito. Ndipo akaniusia: lisomwe kabla hajabebwa, ili asiyetaka kumbeba mtu wa namna ile arudi kwake, asilaumiwe.

Alifariki jana, Jumatano tarehe 15 Mei 2024, saa kumi za alasiri. Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Tabia, maana sikuweza kukubali mama wa miaka themanini na moja aje kusikia haya kwenye kipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nliuona ufunguo siku ile ile," akasema. "Ulikuwa shingoni mwake, una kamba nyekundu. Aliinama kuvaa makubadhi, ukaning'inia. Toka siku ile kila akinambia shikamoo, nasema moyoni, leo atasema. Namuitikia marahaba, nangoja. Anapita. Miaka ishirini na minane, Amour."

Namlilia kaka yangu, na namkasirikia, na vyote viwili mtanisamehe.

Marehemu ameacha mjane, Bi Zuleikha, watoto watatu, Ilham, Amne na Yussuf, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na wanafunzi wake wote, Unguja mjini na mashamba.

Mmeshasikia. Anayetaka kuondoka, njia i wazi, wala hatutamtazama vibaya.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza Bi Tabia kama naweza kusema mbele yenu kwamba amemsamehe. "Langu limekwisha," akasema. "La mume wangu si langu. Hilo wataonana wenyewe."

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, Vuai na Usi, na awape salama watakapoonana.