Mkono Ndani ya Gunia

Mheshimiwa Mkuu wa Mtaa wa Himbi, Bwana Mkurugenzi wa kituo chetu, Baba Padri, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wagonjwa wangu, ambao protokoli imewaweka mwisho ingawa ninyi ndio mmenilisha miaka thelathini na miwili:

Mimi, Cirimwami, mnyoosha viungo wenu, ninastaafu leo. Sitawachosha na historia ya kituo. Nitawasimulia habari za mkono mmoja tu.

Mnamwona Mama Kaswera pale mbele? Alikuwa mnunuzi wa maharagwe sokoni Kibumba. Nani kati yenu hajui kazi ile? Mnunuzi haangalii maharagwe ya juu. Anazamisha mkono hadi kiwiko, apapase kama chini ni kukavu, maana maji huongeza uzito wa gunia. Vita vikaja, risasi ikakata mshipa wa fahamu wa mkono wake, akakimbilia kambi ya wakimbizi ya Lac Vert. Daktari aliushona mshipa vizuri; lakini Mama, kwa kuuhurumia mkono, akaufunga ndani ya kitenge miezi minane. "Papa, hii mukono iko mugonjwa, acha ipumuzike!" Nilikasirika, nakiri.

Kwa nini? Kwa sababu katika tabaka la juu la ubongo kuna ramani ya mwili, kila kidole na shamba lake. Mkono usipohisi kitu, shamba halikai bure: majirani wanalilima. Sisi watu wa Kivu tunalielewa jambo hili kuliko maprofesa. Ila huko ndani, ndugu zangu, mwenye shamba akirudi na kufanya kazi kila siku, anapata tena sehemu yake bila bunduki.

Basi akaufungua mkono, akaanza mazoezi. Nikimgusa kidole cha shahada, anasema ni cha kati. Kila asubuhi, macho yamefungwa, alitenganisha maharagwe na mahindi. Akikosea anatazama, kisha anapapasa upya. Alilia, nami nikajifanya sioni. Mwaka mmoja na miezi mitatu.

Leo asubuhi, ofisini, wenzangu walinipa zawadi ya gunia la maharagwe. Mama Kaswera, aliyekuja kuniaga, akaomba lifunguliwe, akafumba macho, akazamisha mkono uleule.

"Papa, huku chini iko maji. Bamekuibia. Murudishe!"

Tukamwaga. Kweli, ya chini yalikuwa yameloa. Sijawahi kufurahia zawadi mbovu kiasi hiki! Jumatatu Mama anarudi sokoni, nami nawahurumia wauzaji.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Na aliyenunua gunia lile, safari ijayo aende na Mama Kaswera.