Cour Suprême Anachechemea Mguu Gani?

Kijiwe chetu cha Kisangani hakijaandikwa kwenye ramani yoyote. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, bati la kukinga mvua, na birika la Mama Fanny lenye kahawa ya tangawizi inayoweza kumwamsha maiti akaulizia sukari. Mimi nina kibanda cha kuchapa na fotokopi ubavuni mwake. Wananiita Licence, kwa sababu nilimaliza chuo kikuu na hawachoki kunikumbusha kilichofuata. Carlos, muuza viatu vya mitumba, anaitwa Ministre, maana kila jambo ana mtu wake Kinshasa. Sadrack ni Docteur: alisoma udaktari hadi mtihani wa kwanza. Glodi, dereva wa pikipiki ya abiria, ni Jet. Na Papa Hubert, adjudant mstaafu wa jeshi, ni Cour Suprême, mahakama ya mwisho. Watu wakibishana pale hadi mishipa ya shingo iwatoke, yeye hukaa kimya, anatazama kila mdomo, kisha ananyoosha kidole: "Weye njo iko na haki," yaani wewe ndiye mwenye haki. Imekwisha, hakuna rufaa. Hata ugomvi mkuu wa kijiwe, kama samaki aliyevuliwa katikati ya mto ni wa Lubunga, ng'ambo ile, au ni wa ng'ambo yetu, ameukata mara nyingi, na karibu kila mara mshindi ni Carlos.

Asubuhi ile samaki alipumzika. Tume ya madaktari wa jeshi ilikuwa imefika mjini kuwapima askari wa zamani walioumia vitani. Ukikubaliwa unatibiwa bure hadi mwisho wa maisha, na pensheni ya ulemavu juu yake. Ukikataliwa, rudi nyumbani. Papa Hubert alikwisha kukataliwa mara moja. Mguu wake wa kushoto uliwahi kupigwa na kipande cha chuma, akauandika huo kwenye fomu, lakini mguu wenyewe ulikuwa umepona zamani bila kumwomba ruhusa. Sasa alikuwa na nafasi moja tu, Alhamisi, na kijiwe kizima kilikuwa kimejiteua wakili wake.

— Shida yako, Vieux, unatembeaka kama mutu muzima, Carlos akaanza. Mutu wangu wa Kinshasa aliniambia: commission haiangaliake muguu. Inaangalia sura! Fanya sura ya mateso.

— Tuache siasa, Sadrack akasema. Bon. Kisayansi, muguu iko inaungana na ini. Siku ile usikule. Kunywa maji ya chumvi. Ini itakasirika, muguu itatetemeka yenyewe.

— Docteur, nikamwuliza kutoka dirishani kwangu, hiyo ulisoma mbele ya mtihani ao nyuma?

— Licence, weye chapa.

— Chumvi ya nini? Glodi akadakia. Tia jiwe ndani ya kiatu. Hata akitaka kutembea muzuri, hataweza.

— Jiwe! Sadrack akapinga. Siku hizi iko machine ya picha, Jet. Itaonyesha jiwe, bamukamate. Mi nasema achechemee miguu yote mbili. Invalidité mara mbili, pensheni mara mbili!

— Miguu yote mbili, Mama Fanny akasema akimimina, si kuchechemea. Ni kucheza ndombolo.

Cour Suprême aliwatazama mmoja mmoja, akanyoosha kidole kwa Glodi.

— Weye njo iko na haki.

Jiwe likaingia kiatuni. Mazoezi yakaanza hapo hapo barabarani. Papa Hubert, shati limepigwa pasi na mkewe Mama Odile, kola imesimama, alitupa mgongo akaenda akichechemea vizuri sana. Tatizo: alikuwa anachechemea mguu wa kulia.

— Kushoto, Papa! Kushoto! Carlos akapaza sauti nyuma yake.

Papa akaendelea na wa kulia.

— Iko anazidisha sasa, Sadrack akasema kwa kumsifu. Anatuonyesha miguu yote mbili, moja kwa moja.

— KUSHOTO, mon adjudant!

Hapo ikaja pikipiki nyuma yake, imebeba ndizi za kufunika dereva, inapiga honi kama harusi. Papa Hubert hakusogea hata inchi. Honi ikalia tena. Sisi sote tukalia pamoja nayo. Aliyemwokoa ni binti mmoja aliyekuwa anakuja kununua mikate ya kukaanga kwa Mama Fanny kwa mara ya kwanza. Alimrukia, akamvuta shati, wote wawili wakaishia kwenye mtaro mkavu. Ndizi zikapita.

Binti alijitambulisha huku anajipangusa vumbi: Nadège, amehamia juzi nyumba ya bluu. Papa Hubert alimshukuru kwa heshima zote, akainama kutoa jiwe kiatuni, mgongo kwetu. Nadège akatugeukia, akauliza kama mtu anavyouliza saa:

— Huyu papa anasikiaka?

— Swali gani ile? Carlos akasema. Huyu ni Cour Suprême! Anasikilizaka kuliko batu bote.

— Kusikiliza nimeona. Nauliza kusikia.

— Kisayansi... Sadrack akaanza, akaishia hapo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sayansi ilimwacha njiani.

Mimi nilijaribu kukumbuka mara moja, moja tu, ambapo Papa Hubert aliitwa kwa nyuma akageuka. Sikuipata. Na mimi ndiye niliyesoma.

Mama Fanny ndiye aliyepata kipimo. Aliweka birika chini, akasimama nyuma ya Papa, karibu ya kumgusa, akasema kwa sauti ya kawaida:

— Papa Hubert. Kahawa ya bure.

Kisangani nzima hakuna mwanamume asiyegeuka kwa maneno hayo. Wawili waliokuwa ng'ambo ya barabara, hata hatuwajui, waligeuka. Papa Hubert aliendelea kufunga kamba ya kiatu.

Alipoinuka na kuona nyuso zetu, alielewa. Alikaa kwenye ubao polepole.

— Munaniangalia vile juu ya nini? Bon. Munajua.

— Tangu lini, Papa? nikamwuliza, nikihakikisha midomo yangu iko mbele yake.

— Tangu mortier, ule muzinga. Mi nilikuwa mutu wa mortier, Licence. Siku moja ile kitu ilipasukia karibu ya kichwa yangu. Kipande ikaenda ku muguu. Kelele ikabakia ndani ya masikio mpaka ikafunga mulango.

— Na ile kazi ya sentinelle, ya kulinda depo? Glodi akauliza. Wezi waliiba mulango ya depo nyuma yako, ukafukuzwa...

— Sikusikia.

— Ulituambia ulilala!

— Nilikubali kulala. Mutu mwenye kulala anaamukaka.

— Basi juu ya nini kuandika muguu, Papa? Mama Fanny akauliza. Kwa nini hukuandika masikio?

Papa Hubert alizungusha kikombe mikononi.

— Mutu wa muguu, akiingia, banamupa kiti. Mutu wa masikio banapiga kelele mbele ya uso yake, halafu banamuita mujinga. Mi ni adjudant. Sikutaka kuwa mujinga ya batu.

— Na Mama Odile?

— Anajua. Akitaka kusema, ananigusa kwanza bega.

Na sisi tulikuwa tumemhusudu miaka yote hii, tukidhani amegundua siri ya kutojibu makelele ya nyumbani. Carlos alikuwa hata amejaribu mbinu hiyo nyumbani kwake. Ilimtoa nje na godoro.

— Pole pole, Carlos akasema, sauti imepungua. Donc... siku nilishinda juu ya samaki?

— Sikusikiaka hata neno moja.

— Sasa uliamua namna gani?

— Naangalia ule mwenye anatoka jasho mingi. Namuhurumia, namupa haki.

Kicheko cha Mama Fanny kilifika sokoni. Carlos alipangusa paji la uso, na hilo lilizidisha mambo.

Lakini Papa alikuwa bado hajakubali kuandika masikio. Masikio hakuna atakayeyaona, alisema; mbele ya tume atasimama mzima mzima, watasema anadanganya. Na kusema kwa mdomo wake, mbele ya wanajeshi wenzake, "sisikii"? Afadhali jiwe. Alilirudisha kiatuni, akaondoka. Safari hii alichechemea mguu wa kushoto, sawasawa kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza.

Alhamisi Glodi alimbeba hadi kambini. Carlos na Sadrack wakafuata, wakajibandika chini ya dirisha la tume. Mimi na Mama Fanny tulibaki na birika. Waliporudi mchana, tuliwasikia kabla ya kuwaona.

— Kaeni! Carlos akasema, ingawa aliyekuwa amesimama ni yeye. Kaeni kwanza!

— Mi njo nitaeleza, mi njo nilikuwa na pikipiki, Glodi akasema. Uwanja imejaa bavieux, bazee wenzake. Bote banachechemea! Unazania vita ilipiganiwa ku magoti.

— Papa akaingia, Sadrack akachukua. Sasa docteur mukubwa, colonel, alikuwa amevaa cache-nez. Ile kitambaa, imefunika pua, imefunika mudomo yote. Licence, mudomo yote!

Niliweka kikombe changu chini.

— Colonel anauliza, Sadrack akaendelea: "Jina yako?" Papa anajibu: "Ndiyo, mon colonel." "Ulizaliwa wapi?" "Ndiyo, mon colonel." "Unanichekelea?" "Ndiyo, mon colonel!"

— Colonel akafunga dossier, Carlos akasema. Pa! Akaonyesha mulango. Mi nilijua imeisha. Nilianza kulia, Docteur ni shahidi.

— Ulitoka jasho tu.

— Nililia! Basi Papa anaangalia mulango. Anaangalia ile kitambaa. Akainama, akavua kiatu.

— Mbele ya colonel?

— Mbele ya colonel! Akatoa jiwe. Akaiweka juu ya meza. Akasimama garde-à-vous, wima kama askari, muguu moja na soksi, akasema: "Mon colonel, muguu yangu ilipona. Ni masikio. Toa ile kitambaa, nikuone mudomo. MIYE SISIKIAKE!"

— Alipiga kelele?

— Mutu mwenye hasikii anajua sauti yake inafika wapi? Ilifika ku mto! Foleni yote ikanyamaza. Banasentinelle bakanyamaza. Hata kuku ya kambi.

Tulimpa Carlos kikombe, hakunywa.

— Halafu, Licence, ku foleni, muzee mumoja anaachilia fimbo yake. Anasema: "Na miye. Mortier." Mwingine, nyuma: "Na miye." Mwingine haelewi, jirani yake anamuonyesha kwa mikono, akielewa, anainuka: "Na miye!" Bale bote banachechemea, sasa banasimama wima! Banashika masikio!

— Kikosi muzima ya mortier, Glodi akasema. Walikuwa bote ndani ya ile foleni, banaficha kila mutu na yake. Hakuna mwenye alijua juu ya mwenzake.

— Na colonel?

— Akatoa cache-nez, Sadrack akasema. Akaja nyuma ya Papa na sahani ya chuma, ile ya sindano, akaiangusha chini kwenye sementi. Siye ku dirisha tuliruka. Infirmière, ule muuguzi, akaruka. Ministre akaanguka ndani ya maua ya kambi.

— Niliteleza!

— Papa hakupepesa jicho. Bakamupima na machine yao, muda murefu, kila sikio. Kwisha, colonel akaja mbele yake, akafungua mudomo pole pole kama mutu anaimbia mutoto: "A-dju-dant. U-me-ku-ba-li-wa." Na akamupigia saluti.

— Yeye kwanza?

— Yeye kwanza.

Papa Hubert mwenyewe alifika nyuma yao kwa miguu, akitembea moja kwa moja kama mstari wa rula, Mama Odile kando yake amevaa kitenge cha Jumapili. Akina mama wa soko, ambao hawakujua hata kilichotokea, walimpigia vigelegele. Hakuvisikia. Aliviona.

Vifaa vya kusikia alivyoahidiwa na tume vilichelewa. Mvua zilikuja, zikaondoka, tukadhani vimezama mtoni. Kisha asubuhi moja Papa Hubert akaketi mahali pake akiwa na vitu viwili vidogo nyuma ya masikio, rangi ya mkate wa maziwa. Aligeuza kichwa kwa kila kitu: kengele ya baiskeli, mafuta ya Mama Fanny yakichacharika, mimi nikichapa. "Licence, ile machine yako iko na kelele," aliniambia, kama anayenipongeza.

Kwa heshima yake, kijiwe kikamfungulia kesi kubwa. Nadège alikuwa na kiti chake tayari, akitetea upande wa Lubunga.

— Samaki akiwa katikati, Carlos akanguruma, kichwa yake inaangalia wapi? Inaangalia huku! Donc ni wetu!

— Na mayai yake alitaga wapi? Nadège akauliza. Lubunga! Samaki ni wa kwao na mama yake.

— Kisayansi, Sadrack akasema, samaki hana mama. Iko na courant ya maji.

— Mto wenyewe ni barabara, Glodi akapiga ubao. Ni wa mwenye kufika wa kwanza!

Wakaendelea hadi kahawa ikawa baridi vikombeni. Carlos alikuwa analoa, kwa makusudi nadhani. Hatimaye wote wakamgeukia Cour Suprême. Alikuwa amesikia kila neno, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Alitutazama kama mtu aliyefunguliwa mlango alioubisha miaka mingi, akakuta ndani stoo ya ndoo.

— Ni hii? akauliza. Miaka yote ile, njo hii mulikuwa munasema?

Carlos akatazama viatu vyake. Sadrack akatafuta sayansi.

Birika lilikuwa limebaki na tone la mwisho. Mama Fanny alilichukua, akasimama nyuma ya mgongo wa Papa Hubert, akasema kwa sauti ndogo sana, ndogo hata mimi karibu niikose:

— Kahawa ya bure.

Kikombe kilikuwa kimekwisha kunyooshwa.

— Na sukari, akasema Papa Hubert, bila kugeuka.