Msoma Mita na Chatu Wake Nyanzala

Ndugu yetu Nyamizi Jilala, Mama Luka, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma mita za maji hapa Ushirombo. Alianza mji ukiwa na mita mia mbili na kidogo. Anaziacha zimepita elfu nne, na mbwa wa kila mtaa wanamjua.

Msoma mita yeyote atakwambia kwamba kufunua kisanduku cha mita ni bahati nasibu, maana nyoka hupenda ubaridi wa humo. Wengine wetu tukiuona mkia tu, tulikadiria matumizi na kuondoka zetu. Mama Luka alimtoa nyoka kwa fimbo yake ya ndoano, akamtia kwenye kiroba, akasoma mita, akaandika, ndipo akaenda kumwachia porini. Bomba kubwa lililopasuka chini kwa chini mwaka juzi aliligundua yeye, baada ya kuona vyura wamezidi mahali pakavu na nyoka wamewafuata.

Ujuzi huo hakuupata kazini. Baba yake, mzee Jilala wa Maganzo, alikuwa mmoja wa Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, na hakuona sababu ya kumnyima binti elimu aliyowapa wavulana. Mama Luka akapata kibali, akafuga chatu nyumbani, akimhudumia jioni baada ya kazi. Huyo ndiye Nyanzala, jina ambalo Wasukuma humpa binti aliyezaliwa wakati wa njaa. Kwa chatu anayemeza kuku wawili kwa mkupuo, huo ni utani mtupu.

Miaka sita iliyopita aliomba likizo bila malipo, ufugaji uwe kazi kamili: azalishe chatu na kuwakodisha kwa vikundi vya ngoma. Nyanzala akataga mayai thelathini na nane, akajizungusha juu yake na kususa chakula, kama wafanyavyo chatu majike mpaka watoto watoke. Wiki ya tano, kikundi kutoka Runzewe kikaja kumchukua kwa sherehe waliyokuwa wamepatana mapema. Mama Luka akaona mfanyabiashara havunji miadi. Akamtoa mayaini kwa siku mbili, mayai yakapoa, na hakuna hata moja lililoanguliwa.

Alirudi kazini kabla likizo haijaisha. Alitueleza huku akilia kwamba baba yake alimkanya tangu utotoni asimguse chatu anayelalia, naye akamsikiliza mteja. Tulimcheka kidogo siku ile, na leo naona aibu kuandika hivyo.

Sasa anastaafu, na wengi tumemshauri afuge kwa kujifurahisha tu. Hakutusikiliza. Anafungua bustani ya chatu, wanafunzi waje kutazama na vikundi waje kukodi. Kusema kweli tuliogopa yale ya kwanza yasijirudie, kwa sababu mtu akipoteza kitu anachokipenda mara mbili, haponi upesi.

Kamati ya sherehe hii, mimi nikiwa katibu, ikamtia majaribuni bila kujua. Tulimwomba amlete Nyanzala leo, achezwe mbele ya mgeni rasmi, nasi tukajinadi kuwa wateja wake wa kwanza. Tulimtuma hata mkuu wetu wa kazi akamsihi. Mama Luka alimwamkia vizuri, akamkaribisha uji, kisha akamwambia kwamba Nyanzala analalia mayai arobaini na moja, na geti halitafunguliwa kwa mtu yeyote mpaka watoto watoke.

Basi mliokuja kumwona chatu, mtuwie radhi. Na anayeuliza kama biashara hiyo itasimama, ajue kwamba sisi tumeshakataliwa, na tumefurahi.

Mama Luka, asante kwa kila namba uliyoisoma kwa macho yako. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya heri, na Nyanzala asisumbuliwe na mtu.

Boaz Selestine, fundi bomba