Mkanda wa Cherehani ya Dada Kokuberwa

Wapendwa waombolezaji, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, tuketini kidogo tuipitie safari ya dada yetu Adventina Kokuberwa, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1971 huko Muleba, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1985, kisha akaja Dar es Salaam kujifunza ushonaji, na sare za nusu ya watoto wa Kibamba zimepita mikononi mwake, baadhi yenu mlizivaa, mkazitoboa magoti, naye akawagombeza.

Tarehe 14 Juni 1997 alifunga ndoa na Projestus, fundi seremala, wakajaliwa mtoto mmoja, Loveness, mwaka 2001.

Januari 2006, shule zikikaribia kufunguliwa, alishona usiku na mchana hadi akaanza kusikia cherehani ikimtukana, na ndugu, kwa nia njema kabisa, wakampeleka kwenye mikesha ya maombi mfululizo, hafumbi macho, wakidhani wanamtibu kumbe wanaongeza kuni motoni, mpaka akamkana hata mwanawe, na alipopata nafuu hilo ndilo lililomliza, akaapa kwamba Loveness hatampoteza mama mara ya pili.

Alipofikishwa hospitali, daktari wa akili alieleza kwamba skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo, wala si laana, akampa dawa, akaongeza kwamba ubongo una vipokezi, yaani milango midogo ya kupokea taarifa, na wanasayansi wameona kwa panya walionyimwa usingizi milango fulani inayohusishwa na ugonjwa huu ikiongezeka haraka, kwa hiyo maombi yafanyike mchana, usiku mgonjwa alale. Tangu hapo, kila saa tatu usiku, shemeji Projestus aliuvua mkanda wa cherehani akaulalia, ili asiweze kushona usiku, dada akinung'unika kwamba kumbe ameolewa na askari, lakini alilala, akameza dawa, na ugonjwa uliporudi aliifuata kliniki kwa miguu yake mwenyewe, akamlea Loveness, ambaye leo ni mwalimu.

Mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua, na tarehe 3 Agosti 2025 alijilaza baada ya chakula cha mchana, hakuamka tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, majirani waliokuwa wakizima muziki mapema, na wanakwaya, ambao tunajua mmenuna kwa kukatazwa kukesha, ila ndivyo alivyoagiza mwenyewe, kwamba msibani kwake watu walale. Jana saa tatu usiku, watu wamejaa mikekani, shemeji alinyanyuka, akaingia ndani, akauvua mkanda.

Dada Kokuberwa, pumzika kwa amani.