Spana na Nyota za Binti Yake

Mbele ya duka la Fundi Cherehani lipo benchi la watu watatu, na wiki nzima lilikaliwa na wawili. Spana, mtengeneza magari, alianguka gereji saa nne asubuhi, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Wenzake wamemzika, wamechoka, na habari za kifo hawataki kuzigusa. Basi wakaishikia bango kazi ya binti yake, anayechunguza nyota kubwa zilizolipuka, kwa darubini zinazoelea huko juu angani. Fundi alikuwa akipiga pasi huku akiwasikiliza, ubishi wenyewe haumwingii.

— Sasa nyota ishalipuka, yeye anachungulia nini? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Pembeni yake, alijibu Profesa, mlinzi wa benki aliyeishia darasa la saba. Gesi na vumbi lililoizunguka.

— Mtu asomeshwe miaka yote hiyo akatazame vumbi?

— Nyota imelitema yenyewe kabla ya kulipuka. Ukilichunguza, unajua miaka yake ya mwisho ilikuwaje.

— Acha kutupiga kamba. Wakubwa wanazilipua wenyewe, halafu hizo darubini zinakwenda kufuta ushahidi.

— Hata. Zinalipuana kwa wivu. Moja ikizidi kung'aa, jirani haikubali.

— Jamani, kunyweni kahawa, alisema Fundi.

Binti wa Spana akatokea, macho yamemvimba. Akawaamkia, akakaa palipokuwa pa baba yake.

— Kazini huwa nafika mambo yameshaisha, alisema. Inabidi niulize vilivyokuwa karibu. Ninyi wazee wangu mlikuwa naye kila jioni. Baba alianza kuumwa lini?

— Spana? Mbona alikuwa mzima kabisa, alisema Breki.

— Hakukonda?

Fundi akaiweka pasi pembeni. Mwaka huu amempunguzia Spana suruali kiuno mara mbili, kila mara akimtania kwamba siku hizi nyumbani hapikiwi. Aliona aibu kusema, lakini akasema.

— Kiuno kilikuwa thelathini na nane, mwanangu. Kikaja thelathini na tano. Mwezi uliopita, thelathini na moja.

Binti alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayesoma vipimo.

— Na hakuna aliyemuuliza ana nini?

Profesa akageukia barabarani. Breki akainua kikombe ambacho alikuwa ameshakimaliza. Fundi alitamani aulizwe kitu kingine, chochote kile.