Mwalimu Rasmane Kindo, Mlinzi wa Kilima cha Wahunzi

Marehemu Mwalimu Rasmane Kindo alizaliwa mwaka 1936 kijijini Saabtenga, kaskazini mwa Ouahigouya, katika ukoo wa wahunzi. Wakati huo nchi yake haikuwapo. Wafaransa walikuwa wameifuta kwenye ramani na kuwagawia majirani vipande vyake. Ilirudishwa yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo hakumwamini mchora ramani.

Alianza shule mwaka 1945. Siku moja mwalimu alisema historia ya Yatenga, eneo lao, ilianza mwaka 1895, walipofika Wazungu. Rasmane akanyoosha mkono: “Na majembe ya babu yangu yalianza lini?” Alipigishwa magoti hadi jioni.

Alifundisha kuanzia 1957 hadi 1991. Somo lake la kwanza alilitolea kwenye kilima cha kijijini kwao, penye tanuri za kale na lundo la mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kutoka hapo alishuka kwa wafalme wapanda farasi, waliofika na kuwakuta wahunzi kazini, kisha kazi za shokoa walizolazimishwa na Wafaransa, na ulipofika, uhuru wa 1960. Mkaguzi alimwonya: “Mwalimu, hayo hayamo kitabuni.” Akajibu: “Ndiyo maana nafundishia nje, mheshimiwa.” Kwa jibu hilo alihamishiwa Dori, mbali na kwao. Alikwenda kwa baiskeli, na huko nako akawatafuta wahunzi.

Mwaka 1961 alimwoa Sanata Zorome, mfinyanzi. Bi Sanata alimuuliza, “Unanioa mimi au tanuri?”

“Wote wawili. Ila tanuri ndiyo bi mkubwa, umheshimu.”

Novemba 2012 mkandarasi alileta katapila kuchota kilima kiwe kifusi cha barabara. Mwalimu aliweka kiti chake mbele ya sepeto la mashine, akakaa.

“Mzee, ondoka!” dereva alifoka.

“Unaitwa nani wewe?”

“Toe.”

“Ala! Msamo! Mla vichwa vya mbwa! Tangu lini mtumwa akamfukuza bwana wake?”

Dereva akaangua kicheko. “Mtumwa ni wewe, babu! Nilikununua kwa kibaba cha karanga, nikapunjwa!”

Utani wa Wasamo, watu wa Toe, na Wamosi, watu wa Mwalimu, ni mkongwe, na mtani hamwagi damu ya mtani. Toe alizima mashine, akala ugali wa mtama kwa Bi Sanata, akaondoka. Mkandarasi alimfukuza kazi, kisha akaomba serikali kibali cha kukichimba kilima.

Januari mwaka huu Mwalimu alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Barua ya serikali ilimfikia wodini: kilima kitachukuliwa, na mwenye pingamizi afike mwenyewe kilimani Jumatatu, tarehe 18 Machi, saa tatu asubuhi.

“Baba, pumzika kwanza,” bintiye Rihanata alimwambia. “Barua itasubiri.”

“Haisubiri, mama. Ina tarehe.”

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2013, saa kumi alfajiri. Mkandarasi ameshauliza kama pingamizi limekufa naye.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na tisa, wanafunzi wa miaka thelathini na minne, na mtani mmoja, Toe, aliyelala chini kaburini asubuhi hii akikataa lifukiwe mpaka aombwe radhi kwa Mwalimu kufa bila ruhusa yake. Wote hawa watakuwa kilimani Jumatatu, kabla ya saa tatu. Waombolezaji waje na viti.

Mwalimu apumzike, zamu ni yetu.