Weusi Juu ya Buluu: Maisha ya Ermance Cadostin Vilsaint, 1938–2008

Baba Paroko, ndugu zetu wa Jacmel mlioanza safari kabla hakujapambazuka, majirani wa Bolosse, wanamuziki na wachapaji, familia inawasomea maisha ya mama yetu kama alivyotaka yasomwe, yaani kwa tarehe na kwa mahali, na bila kuuruka mwezi Desemba wa mwaka 1970, ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuutamka mbele ya watu.

Marehemu alizaliwa Jacmel, Alhamisi tarehe 17 Machi 1938, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Saintilus Cadostin na Bi Orélia Damus. Baba yake alikuwa mpiga alama kwenye magunia ya kahawa pale bandarini, na marehemu alizijua herufi kutoka kwenye magunia hayo kabla ya kuzijua kutoka kwenye kitabu, ndiyo maana maisha yake yote aliandika A yenye tumbo pana, kama iliyopakwa kwa brashi nene. Alisoma kwa masista wa Jacmel kuanzia Oktoba 1944 hadi Juni 1952, akahitimu elimu ya msingi, kisha tarehe 5 Januari 1953 akapelekwa Port-au-Prince kwa shangazi yake hapa Bolosse, akajifunza ushonaji na uchoraji katika shule ya ufundi ya wasichana hadi mwaka 1956.

Tarehe 3 Septemba 1956 aliajiriwa katika kiwanda cha kupiga chapa cha Bwana Théagène Lorquet, Mtaa wa Miujiza, akianza na kadi za arusi, matangazo ya misiba na karatasi za bahati nasibu, na kuanzia mwaka 1966, vijana wa kila mtaa walipoanza kuunda makundi ya konpa, muziki wa dansi wa hapa kwetu Haiti, na kurekodi santuri, yeye ndiye aliyekabidhiwa majalada. Aliifanya kazi hiyo kwa sheria, na sheria zenyewe aliwafundisha wote waliopita mikononi mwake: konpa ni kundi zima limesimama kwenye ngazi, suti za aina moja, mwimbaji mbele, mkono juu ya boneti ya gari hata kama gari ni la kuazima, bolero ni mwanamke dirishani, nyimbo za kanisa ni njiwa na mwanga unaotoka juu kulia, kamwe si kushoto. Kijana akimletea wazo la ajabu, alimjibu, "Mwanangu, mama anayeuza santuri pale sokoni hajui kusoma, anasoma macho ya mnunuzi na picha ya kava, sasa wewe unataka auze nini, fumbo?"

Alifunga ndoa na Bwana Fernand Vilsaint, dereva wa gari la kiwanda cha mikate, Jumamosi tarehe 22 Julai 1961, katika kanisa la Mtakatifu Anna, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mireille mwaka 1962, Gérald mwaka 1965 na Nadège mwaka 1969.

Mama yetu alikuwa mwoga, na hakuwahi kuona haya kusema hivyo. Katika miaka ile ya udikteta mtu alichukuliwa kwa neno, kwa kicheko, kwa jirani aliyekasirishwa na kuku, naye akajifunza kuketi akiutazama mlango, na kusoma kila karatasi iliyotoka mashineni mara tatu, mara ya kwanza kwa mteja, ya pili kwa herufi, na ya tatu kwa jicho la mtu anayetafuta kosa.

Mwezi Novemba 1970 kundi la Les Ponctuels, maana yake wasiochelewa, ingawa hakuna dansi waliyowahi kuianza kwa saa iliyotangazwa, walileta kazi ya santuri mia sita pamoja na picha yao ya ngazini. Picha ilikuwa na watu kumi na mmoja, lakini watatu kati yao walikwenda kupiga muziki Nassau mwezi Agosti na hawakurudi, na sura ya aliyekimbia nchi haikupaswa kuonekana popote. Marehemu alijaribu kuwakata kwa mkasi, akawatoa watatu wote, ila vidole vinne vya mmoja wao vilibaki juu ya bega la mpiga saksafoni, na kila alivyokata, bega nalo likaondoka. Ndipo kwa woga, wala si kwa ujasiri kama wasemavyo vijana wa siku hizi, alivunja sheria yake mwenyewe, akachora jalada lisilo na mtu hata mmoja, nusu ya kushoto nyeusi, nusu ya kulia nyekundu, na tarumbeta nyeupe katikati. Alichagua nyeusi na nyekundu kwa sababu ndizo zilizokuwa rangi za bendera tangu mwaka 1964, akamwambia Bwana Lorquet, "Rangi hizi nani atazinyooshea kidole?"

Majalada yalipigwa chapa Jumanne tarehe 8 Desemba, mvua ikinyesha, madirisha yamefungwa. Wino mweusi ulikuwa haba, na fundi wa mashine, kama walivyozoea mafundi wote wa mjini, akaurefusha kwa wino wa buluu iliyokolea, marehemu akatazama karatasi ikiwa bado mbichi chini ya taa, akaiona nyeusi, akatia sahihi. Asubuhi ya Jumatano alilitoa moja uani juani, likiwa limekauka, na lilikuwa la buluu. Buluu na nyekundu zilikuwa rangi za bendera ya zamani, iliyokatazwa, na lililomtisha zaidi ni kwamba wauzaji hulaza majalada ubavu ndani ya makasha, na likilazwa hivyo, buluu ikawa juu na nyekundu chini, sawasawa kama bendera ile ilivyokuwa ikipepea. Mtu aliyekutwa na kitambaa chenye rangi hizo hakurudi nyumbani, naye alikuwa ametengeneza mia sita, na kwenye kona ya kila moja liliandikwa jina lake, E. Vilsaint, ambalo ndilo jina la mumewe na la watoto wake.

Mia tano na sitini yalikuwa bado kiwandani, ila arobaini yalishachukuliwa alfajiri na kiongozi wa kundi, akayagawa kwa marafiki, kwa watangazaji na kwa wauzaji wa sokoni. Bwana Fernand aliishusha mikate, akampakia mkewe, wakazunguka mji siku tatu, na kila mlangoni marehemu alisema maneno yaleyale, kwamba kuna kosa la herufi, anaomba jalada alirekebishe. Wengine walimtazama usoni, wakatazama jalada, wakaelewa, wakalirudisha. Mwanamke mmoja wa sokoni alilitoa chini ya sketi yake akasema, "Herufi gani hiyo, mama, maana mimi sijui kusoma na nimeliona tangu asubuhi." Hadi jioni ya Ijumaa yalikuwa yamerudi thelathini na tisa, na la arobaini kiongozi wa kundi alikiri kwamba amempa zawadi mkuu mmoja wa makuti, wale wanamgambo wa Rais.

Usiku huo watoto watatu walipelekwa kwa mama mkwe, na Jumamosi tarehe 12 Desemba marehemu alikwenda kazini kama kawaida, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa kukiri. Saa nne asubuhi yule mkuu aliingia, bastola kiunoni, miwani myeusi machoni, jalada mkononi, akalitupa juu ya meza palipopiga jua la mlangoni.

"Ni wewe uliyechora hii?"

"Ni mimi, Mkuu."

"Nimeipeleka jana usiku kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu, nikawaambia leo tunacheza konpa, wakaitazama wakacheka, wakaniuliza Mkuu, mbona umetuletea misa ya wafu? Watu wako wapi humu? Suti ziko wapi? Hii tarumbeta imesimama peke yake kama imefiwa."

Marehemu alitueleza nyumbani baadaye kwamba hakusikia aibu wala nafuu, alisikia tu kwamba mtu huyu ameitazama buluu ile siku tatu mfululizo kwa miwani myeusi, na kwa miwani hiyo ni nyeusi, na kwamba jasho linamtiririka na mkono wake umeanza kupanda usoni kuivua. Akaweka daftari la oda juu ya jalada, akasema, "Jua la hapo ni kali, Mkuu, sogea huku kivulini, kosa ni langu, Jumatatu utalipata lenye watu." Mkuu alijipangusa kwa leso chini ya miwani bila kuivua, akasema, "Na gari pia liwepo," akaenda zake.

Wiki ile Bwana Lorquet alipata wino, na majalada yote yakapitishwa tena mashineni, nyeusi tupu juu ya buluu. Ikatoka nyeusi nzito ambayo hapa mjini haikuwahi kuonekana, na hadi leo wachapaji huiita nyeusi ya Ermance, wakidhani ilikuwa ufundi. Lakini mashine ile haikulenga sawasawa, na pale nyeusi inapokutana na nyekundu ulibaki uzi wa buluu mwembamba kuliko unywele, akauona yeye peke yake, na kundi likayauza mia tano tisini na tisa na uzi wake. La mkuu lilibandikwa picha mpya ya wanamuziki wanane kwenye ngazi, wamekumbatia gari la mikate lililofunikwa maandishi kwa shuka.

Tangu siku hiyo hadi tarehe 7 Februari 1986, siku udikteta ulipoanguka, marehemu hakutia jina lake kwenye jalada lolote, wala hakuvunja tena sheria hata moja, alichora ngazi na suti na boneti, njiwa na dirisha, majalada mia mbili na kumi na manne kwa hesabu ya familia, na kila breki ya gari mtaani ilimfanya asimamishe brashi mpaka mlango wa gari ufungwe na hatua ziende kwingine. Bendera ya buluu na nyekundu iliporudi na vijana wakamwomba awachoree jalada la kuisherehekea, alikataa, akawaambia, "Hilo nilishalichora, na sikulipenda."

Alimzika mumewe tarehe 30 Mei 1994, akastaafu mwaka 1998. Mwaka 2004 aligundulika kuwa na presha ya macho, na rangi zikaanza kumponyoka, ya kwanza kabisa ikiwa tofauti ya nyeusi na buluu, kwa hiyo wajukuu waliitwa kila asubuhi wapeleke gauni lake juani kabla hajalivaa wamwambie ni rangi gani, naye alirudia swali. Tarehe 19 Oktoba 2008 alipata kiharusi, akalazwa siku kumi na sita, na Jumanne tarehe 4 Novemba, saa tisa alasiri, akaaga dunia akiwa na binti zake wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa aliyekubali kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni. Tunawashukuru majirani wa Bolosse kwa kahawa, viti na mahema, na wachapaji wenzake waliotengeneza kadi za leo bila malipo. Na tunawashukuru watu thelathini na tisa waliorudisha majalada, ambao yeyote kati yao angeweza kusema neno moja na sisi watoto na wajukuu tusingekuwapo hapa. Baadhi yenu mko kanisani, na majina yenu tunayo, aliyataja yote mwezi Agosti uliopita kwa mpangilio wa mitaa. Alituagiza tuwashukuru bila kuyasoma, hata leo, akisema kwamba nyakati hurudi, na karatasi iliyosomwa kanisani haiwezi kukusanywa.

Hatutayasoma. Pumzika, mama, kwa amani uliyowalindia wenzako na wewe usiipate.